Kutambua Hesabu ya Fundi: Mstari wa Jinja na Mbale

Wanafunzi wawili wanaweza kupata mlinganyo uleule wa mstari, lakini kazi ya mmoja ukaiamini papo hapo, ya mwenzake ikakubidi uirudie yote. Ubora huonekana mapema, kwenye nukta ya katikati.

Fungua atlasi. Tukikadiria hadi sehemu moja ya kumi ya digrii, Jinja iko longitudo 33.2, latitudo 0.4, Mbale iko 34.2 na 1.1. Longitudo ndiyo x, latitudo ndiyo y. Mteremko ni 0.7 ÷ 1, yaani 0.7. Nukta ya katikati ni nusu ya jumla: (33.7, 0.75).

Nukta iko mahali pake? Hii inaangukia kusini kidogo ya Namutumba, mji ambao msafiri wa Mbale huufikia baada ya Iganga. Inaingia akilini. Aliyetoa namba badala ya kuzijumlisha hupata (0.5, 0.35), nukta iliyo katika bahari ya Atlantiki, kusini mwa Ghana. Fundi angeshtuka hapohapo.

Alama ya mteremko ni sahihi? Kutoka Jinja hadi Mbale unakwenda mashariki na kaskazini kwa pamoja. Lazima iwe chanya.

Uhakiki umefanywa wapi? Kwa mteremko na nukta ya katikati tunaandika y − 0.75 = 0.7(x − 33.7), kisha y = 0.7x − 22.84. Wengi huhakiki kwa nukta ileile waliyoitumia, na kosa likiwa kwenye nukta hiyo halionekani. Fundi hurudi Jinja: 0.7 × 33.2 − 22.84 = 0.4. Sasa mteremko na nukta vimepimwa kwa pamoja.

Anaweza kuupata mstari unaokata katikati kwa pembe mraba? Hapa ndipo ufundi hujidhihirisha. Mteremko wake ni −10/7. Fundi huuacha hivyo, kwa sababu −1.43 ingeharibu jibu. Anapata 10x + 7y = 342.25. Jaribu nukta (33, 1.75) iliyo juu yake. Kutoka Jinja, imepishana kwa 0.2 na 1.35, kutoka Mbale, kwa 1.2 na 0.65. Piga vipeo vya pili, ujumlishe: pande zote mbili ni 1.8625. Umbali ni sawa. Na kwa kuwa Uganda iko kwenye ikweta, ambako digrii ya longitudo na ya latitudo zote hukaribia kilomita 111, usawa huo unakaribia ukweli hata ardhini. Huko London usingefaa, maana longitudo zimesogeleana.

Mwalimu mwenzangu, unaposahihisha daftari usikimbilie jibu la mwisho. Anza na nukta ya katikati, kisha utafute mstari wa uhakiki. Kama haupo, mrudishie mwanafunzi daftari lake aumalizie: kazi bado haijakwisha.