Wanaokesha na Mtandao

Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Wengi tulizima simu na kuziwasha tena. Mafundi wa uangalizi wa mitandao walikuwa tayari wanatazama michoro ikiporomoka kwenye skrini zao.

Nawapongeza kwa dhati. Kazi yao ni ya tabibu mwenye mkono juu ya mshipa. Kila baada ya dakika chache programu yao huiuliza kila ruta na kila swichi: joto limefika wapi, prosesa imelemewa kiasi gani, pakiti ngapi zimepotea njiani? Lugha ya maswali hayo, SNMP, ni ya mwaka 1988. Ping, programu inayopima kama kifaa kinajibu, ni kongwe zaidi; Mike Muuss aliiandika Desemba 1983, nasi bado tunaitegemea.

Fundi makini huona feni inazorota saa tisa usiku, akaibadilisha kabla ruta haijaungua. Asubuhi malipo yanapita, hospitali inafungua mafaili ya wagonjwa. Nani atamshukuru, ilhali hakuna kilichoharibika? Mwajiri unayesoma haya, mlipe posho ya usiku.