Moshi wa Kiwira umekwenda wapi?

Mgodi wa Kiwira, kusini-magharibi mwa Tanzania, ulianza kuchimba makaa ya mawe mwaka 1988 kwa msaada wa China, na kwa miaka mingi makaa hayo yalihesabiwa kuwa ya viwandani. Leo Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) linayageuza kuwa mkaa mbadala wa kupikia, Rafiki Briquettes, na soko limekwishaandaliwa: Serikali iliziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Mpishi wa shule ya bweni Iringa anaambiwa nishati hii ni safi kwa kuwa haina moshi. Sifa hiyo haitoshi. Usafi wa mkaa wa aina hii huamuliwa kiwandani, kabla haujafika jikoni.

Makaa yakipashwa moto wa nyuzijoto 500 hivi katika tanuri lisiloingiza hewa, hayaungui. Yanatokwa na maji, gesi na lami, vitu vilevile vinavyotoa moshi jikoni. Sehemu ya salfa hutoka navyo, na iliyobaki huweza kunaswa kwa chokaa inayochanganywa na unga wa makaa kabla ya kufyatuliwa. Majivu ndiyo hayatoki. Chukua kilo 100 zenye kilo 20 za madini yasiyoungua: zikipoteza kilo 30 tanurini zinabaki 70, na zile 20 zimo vilevile. Asilimia 20 imeshakuwa karibu 29. Kwa makaa yenye majivu mengi kama ya Kiwira, basi, kuyaosha kwanza ili mawe yajitenge si anasa. Na lami nayo lazima iwe na pa kwenda. Huko Wyoming, Marekani, mradi wa ENCOAL ulioanza kazi mwaka 1992 uliipoza ile gesi ukapata mafuta ya kuuza. Kilichousumbua zaidi ni bidhaa ngumu, iliyokuwa ikijipasha moto yenyewe kwenye lundo. Kiwanda kinachoiachia lami angani kimeuhamisha moshi tu, kutoka kwa mpishi hadi kwa jirani wa tanuri.

Wapo watakaosema kwamba mkaa wa miti nao una sumu yake, tena unamaliza misitu, kwa hiyo tusiwe wagumu kwa huu mpya. Kuhusu misitu wana haki. Lakini moshi una faida moja mbaya: humfukuza mtu chumbani, na mkaa usio na moshi haumpi onyo hilo. Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ilipiga marufuku makaa ghafi Mei 2019 na kuwauzia wakazi matofali ya makaa yaliyooshwa. Hewa ya mji ikawa nafuu, ila mwanzoni mwa msimu wa baridi watu kadhaa walikufa kwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mbeya na Iringa, ambako jiko huingizwa ndani baridi ya Juni na Julai ikibana, hatari hiyo ni ya kwetu kabisa.

Kwa hiyo wakuu wa shule na maofisa ununuzi, kabla ya kusaini mkataba, daini karatasi ya vipimo vya maabara: asilimia ya majivu, salfa, na kaboni monoksidi inayopimwa mkaa ukiwa jikoni. Na kila mfuko uandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: usilale na jiko hili ndani.