Sanduku la Viwiko Vinne

Katika mashine ya michezo ya video karibu kila kitu kimekubali kupungua. Kompyuta inayotosha kuendesha michezo mingi ya miaka ya 1980, ile Raspberry Pi iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, haizidi kadi ya mpiga kura. Skrini, ambayo zamani ilikuwa tyubu ya kioo yenye shingo ndefu iliyolazimisha kabati zima kuwa na tumbo, sasa ni bapa. Kilichokataa kupungua ni wachezaji. Watu wawili wakikaa bega kwa bega leo wanadai nafasi ileile waliyodai mwaka 1978, Space Invaders ilipotoka Japani. Ndiyo maana seremala ninayemzungumzia, mwenye karakana ya mabati hapa Bunia, haanzi na mashine. Anaanza na viwiko.

Kazi yake ya kila siku ni vitanda, milango na madawati ya shule. Safari hii aliagizwa sanduku la kuchezea watu wawili, likae katika saluni yenye fotei nne, meza, kabati la vyombo, na godoro linalotandikwa chini usiku. Saluni za namna hiyo si chache mjini. Tangu mapigano ya Djugu yalipoanza upya mwishoni mwa mwaka 2017, familia nyingi za Bunia zimepokea ndugu, na chumba cha wageni kimegeuka cha kulala. Tena chini ya utawala wa kijeshi ulioanza Mei 2021, mzazi anayeweza kumfanya mtoto apende kubaki ndani jua likizama hahitaji kuelezwa faida yake. Michezo ipo pia kwenye vibanda vya barabarani, lakini kule mtoto hulipa na hurudi gizani.

Wazo la kwanza lilikuwa meza. Kampuni ya Taito iliuza Space Invaders kama meza fupi za mikahawa: skrini imelazwa chini ya kioo, wachezaji wanatazamana, na zamu ikibadilika picha inageuka kumwelekea mwingine. Ni ubunifu mzuri sana, hasa kwa nyumba ndogo, maana meza ipo tayari na watu wanakula chakula juu yake. Fundi aliichora kwa chaki sakafuni, akaweka viti viwili, akazunguka. Halafu akaifuta. Michezo ya zamu inaenda sawa, lakini ile ya kupigana kwa pamoja, kama Street Fighter II ya mwaka 1991, ingempa mmoja picha iliyo kichwa chini. Jambo la pili lilimsumbua zaidi: meza inakula sakafu pande mbili, magoti huku na magoti kule, na nyuma ya kila kiti lazima mtu apite. Sanduku la kuegemea ukuta linakula upande mmoja tu. Mimi ningeshindwa kuufuta mchoro ule. Ulikuwa umependeza.

Basi viwiko. Aliwakalisha watoto wawili wa mteja kwenye benchi, mbele yao kipande cha katoni, akawaambia washike hewa kana kwamba wanacheza. Hazikupita dakika mdogo akalalamika: "Yaya, mukono yako iko inanigonga!" Fundi akacheka, akachukua penseli. Mahali pale walipogongana ndipo alipokuwa anapatafuta.

Kila mchezaji hushika joistiki kwa mkono wa kushoto na kubonyeza vitufe kwa wa kulia. Kwa hiyo mkono wa kulia wa yule wa kushoto ndio unaopambana na mkono wa kushoto wa jirani yake, katikati ya ubao. Viwiko viwili vya pembeni vinaning'inia nje ya sanduku bila kudai chochote. Mtu asiyefikiri angegawa ubao katikati sawasawa, kila mmoja na nusu yake, vifaa katikati ya nusu. Fundi alivisukuma vifaa vya kila mchezaji kuelekea ukingoni na nafasi yote iliyookolewa akaimwaga katikati. Joistiki ya kwanza iko sentimita 7 kutoka ukingo wa kushoto. Kitufe cha mwisho cha mchezaji wa pili kiko sentimita 5 kutoka ukingo wa kulia. Kati ya kitufe cha mwisho cha wa kwanza na joistiki ya wa pili kuna sentimita 18. Upana wote, sentimita 62. Ukiliangalia sanduku tupu unaona kama kuna kosa, katikati pamebaki jangwa. Wakikaa watu wawili, jangwa linajaa.

Mbao aliichagua kwa ubahili wa akili. Bunia iko kwenye njia ya mbao za Mambasa zinazopita Komanda kwenda Uganda, na libuyu mwekundu si mgeni kwenye karakana yoyote. Lakini libuyu ni mzito, na sanduku hili lilijulikana kuwa litabebwa kwa pikipiki. Mikaratusi ya vilimani ni ya bei nafuu, ila ikiwa mbichi inajipinda ikikauka, na ubavu wa sanduku ukijipinda skrini haikai. Akatumia triplex kwa mbavu na ubao wa mikono, na libuyu kwa kipande kimoja tu: ukingo wa mbele, mahali viganja vinapoegemea. Aliupiga msasa mpaka pembe ikawa mviringo.

Mbavu mbili alizikata kwa pamoja. Ya kwanza aliichonga kutokana na kiolezo cha katoni, akaibana juu ya ya pili, akapiga randa zote mbili zikiwa zimeshikana hivyo. Zikitofautiana milimita mbili tu, skrini itakaa kigosho, na jicho la mtoto litaona kabla ya rula.

Kazi niliyoitazama kwa muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya chini ya ubao, ambako hakuna atakayetazama tena. Triplex ya milimita 18 ni nene mno kwa joistiki: inafungwa kwa chini, na unene wa ubao unameza mti wake, juu kinabaki kisiki kisichoshikika. Wenye viwanda waliepuka tatizo hili kwa kutumia bati. Fundi aligeuza ubao, akachora mraba, akaanza kuchimba kwa patasi, tabaka moja la triplex kwa wakati mmoja. Triplex ina faida hiyo, nyuzi za kila tabaka zinakingamana na za lililo chini yake, kwa hiyo ukifika tabaka jipya unaliona. Alipokaribia mwisho aliacha nyundo, akawa anasukuma patasi kwa kiganja tu, kisha anagonga kwa ukucha na kusikiliza. Alibakisha milimita kama 7. Skrubu haishiki kwenye unene huo, hivyo alipitisha bolti kutoka juu, vichwa vikazamishwa kwenye mbao na kufunikwa kwa rangi.

Matundu ya vitufe, kila moja la milimita 30, aliyatoboa nusu kutoka juu. Ncha ya katikati ilipochungulia upande wa pili, aligeuza ubao akamalizia kutoka huko, ili uso usichanike. Palipo na haraka, tundu la namna hiyo huwa na meno.

Waya sitauzungumzia sana. Kila kitufe kina swichi yenye miguu miwili: mguu mmoja una waya wake wa kwenda kwenye kadi ya USB, mwingine unaungwa kwenye waya mmoja mrefu unaopita kwa wote. Ni kazi ya jioni moja, na kijana wa simu wa jirani aliifanya vizuri. Programu ni za bure, zikiwa zimejengwa juu ya kazi iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997 kwa jina la MAME. Skrini ilikuwa ya ofisi, ya zile za umbo la karibu mraba zinazouzwa bei ya kutupa kwa kuwa filamu hazikai vizuri ndani yake. Michezo ya zamani inakaa, kwa sababu ilichorwa kwa umbo karibu lilelile.

Kuhusu umeme, kila mtu hapa anajua tabia ya kuranti, inavyokwenda bila kuaga. Kompyuta ikikatiwa inapoandika, kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika, na mchezo usiwake tena. Dawa ilikuwa kuiweka kadi katika hali ya kusomwa tu, isiandikwe chochote. Alama za ushindi zinapotea kila ikizimwa, watoto wamekasirika, lakini sanduku linawaka. Jioni linaendeshwa na betri ya sola: skrini na kompyuta kwa pamoja havizidi wati 40 hivi, chini ya balbu moja ya zamani.

Tulibishana jambo moja tu. Fundi alitoboa vitufe sita kwa kila mchezaji, safu mbili za vitatu, kwa ajili ya Street Fighter. Nilimwambia Pac-Man haina kitufe hata kimoja cha kuchezea, Space Invaders inahitaji kimoja, na safu ya pili inaongeza sentimita 4 za kina ambazo angeweza kuirudishia saluni. "Tundu halidai chakula," alinijibu, akaendelea kupaka vanishi. Sita vikabaki. Nilipopita kwao juzi watoto walikuwa wakitumia viwili.