Kwa Heshima ya Wapima Injini

Injini isiyo na mzigo ni mwongo wa kutupwa. Iweke juu ya benchi, iwashe, ipige resi mpaka majirani watoke nje: itanguruma, itatoa moshi mwembamba, na utaamini kwamba fundi wako ni bingwa. Kisha ifunge kwenye boti, pakia watu, nyavu, barafu na madumu ya petroli, utoke Kilwa Masoko kuelekea Songo Songo huku kusi ikivuma. Huko ndiko itakakosema yaliyo moyoni mwake. Kazi ya mpima injini ni kuilazimisha iyaseme hayo ikiwa bado nchi kavu.

Watu humsifu fundi anayefungua na kufunga, mwenye mikono iliyolowa oili hadi kwenye viwiko. Mpimaji hasifiwi, kwa sababu kazi yake ikifaulu hakuna kinachotokea. Boti inakwenda, inarudi, dagaa wanaanikwa, na nahodha anamlalamikia mwenye chombo kuhusu mgawo kama kawaida. Mimi nadhani ufundi huu wa pili ni mgumu kuliko ule wa kwanza, na nitautetea kwa kuanza mbali na pwani yetu, mahali ambapo umefikishwa kileleni, pengine hata kupita kiasi.

Kuna mbio za magari ziitwazo drag, zilizokulia Marekani na leo zina mashabiki mpaka Bahrain na Qatar. Magari mawili husimama sambamba, taa zikiwaka yanafyatuka, na robo maili baadaye, mita 402 tu, mchezo umekwisha. Baadhi yake hubeba injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita tisa hivi, bloku kubwa, na turbo mbili, kila moja ikipokea moshi wa silinda nne. Turbo si uchawi. Moshi wa moto unaotoka kwenye silinda, ambao zamani ulipotea bure hewani, unazungusha gurudumu dogo. Gurudumu hilo linazungusha jingine lililo upande wa pili wa shafti, nalo linasukuma hewa ndani ya injini kwa shinikizo. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Hewa ikiongezeka, mafuta nayo yanaweza kuongezwa, na injini ambayo kwa pumzi zake yenyewe ingetoa nguvu za farasi mia kadhaa inafika 2,000 na kupita.

Injini kama hiyo haipelekwi uwanjani ikajaribiwe huko. Inafungwa kwanza ndani ya chumba chenye kuta nene, shafti yake ikiunganishwa na breki kubwa ya maji iitwayo daino, na wapimaji wanakaa nyuma ya kioo.

Hapa pana jambo ambalo wauza mashine wengi hawalisemi. Daino haipimi nguvu za farasi. Inachopima ni msukumo kwenye ncha ya mkono wa chuma, na idadi ya mizunguko ya shafti kwa dakika. Nguvu za farasi hupatikana kwa hesabu. Zidisha kilo kwa urefu wa mkono katika mita, zidisha tena kwa mizunguko ya dakika moja, kisha gawanya kwa 716. Kwa injini ya farasi 2,000 inayozunguka mara 7,000, mkono wa mita moja utakandamiza mzani kwa kilo 205 hivi, uzito wa wanaume watatu. Mashine ya boti ya farasi 40, ikizunguka mara 5,000, itakandamiza kilo 5.7 tu. Hesabu ni ileile, kwa tajiri wa mbio na kwa mvuvi wa Kilwa Kivinje.

Nguvu hiyo yote lazima iende mahali. Kwenye breki ya maji inageuka joto, na farasi 2,000 ni sawa na karibu megawati moja na nusu. Ukipitisha lita 10 za maji kila sekunde, yatatoka yakiwa yamepanda nyuzi 35. Pipa la lita 200, lile ambalo kwetu mke na mume wanagombania, litakwisha ndani ya sekunde 20. Hapa Kilwa tuna kipimo chetu cha kulinganishia. Kituo cha TANESCO cha Somanga Fungu, kinachofua umeme kwa gesi ya Songo Songo, kilijengwa kwa uwezo wa megawati 7.5. Kwa namba tupu, injini tano za drag zingelingana nacho. Lakini zile za drag hupewa mzigo kamili kwa sekunde chache, kisha hupozwa na kuchunguzwa, na ile ya kufua umeme hutakiwa ibebe mzigo usiku kucha watu wamelala. Binafsi, ile ya pili ndiyo ninayoivulia kofia.

Hata hivyo, kinachonivutia kwenye chumba cha daino ni subira kuliko ile ngurumo. Mpimaji hapigi resi siku ya kwanza. Anawasha, anaacha oili ipate joto, anazima, anatafuta panapovuja. Anawasha tena kwa mzigo mdogo, turbo zikiwa zimezuiwa zisisukume sana. Anachomoa plagi na kuzitazama rangi. Anaongeza shinikizo kidogo, anarudia. Macho yake yako kwenye presha ya oili, kwenye joto la moshi, kwenye sensa ya oksijeni inayomwambia kama mafuta yamezidi au yamepungua. Anachokiogopa ni noki, ule mwako unaolipuka ndani ya silinda bila kufuata zamu yake. Kwenye injini yenye shinikizo kubwa, noki hutoboa pistoni kabla sikio halijapeleka habari kwa mkono. Kwa hiyo mpimaji mzuri hujulikana kwa upesi wa kukata moto. Akiona sindano moja imekwenda kusikofaa, anazima, hata kama grafu ilikuwa inapanda vizuri na mwenye gari amesimama nyuma yake akishangilia.

Na akishapata namba, haiamini hivihivi. Hewa ya joto ni nyepesi, na mvuke uliomo unakalia nafasi ya oksijeni. Ndiyo maana wahandisi wa magari wa Marekani, SAE, wana kanuni yao ya J1349 ya kurekebisha matokeo yote yawe kana kwamba yamepimwa kwenye hewa kavu ya nyuzi 25. Mchana wa Februari pale Masoko, na jasho linavyotiririka, hakuna injini itakayotoa farasi wote walioandikwa kwenye kava lake. Fundi anayekwambia hivyo hakuibii.

Turudi ufukweni. Ukipita penye mafundi wa mashine za boti utaona pipa limejazwa maji, mashine imening'inizwa ukingoni, na fundi ameinama akisikiliza. Mpita njia anaweza kulidharau pipa hilo. Asilidharau. Mwaka 1877 Mwingereza William Froude, aliyetakiwa na jeshi la maji la nchi yake apime injini kubwa za meli, alibuni breki ambayo gurudumu lake linakoroga maji ndani ya kasha, ikakusudiwa kufungwa kwenye shafti pale panapokaa rafadha. Daino za maji za leo ni vizazi vyake. Pipa la Kilwa ni la ukoo huo, ingawa halina mkono wala mzani: chuma kinazunguka, maji yanakataa, injini inalazimika kujieleza.

Pipa lina mipaka, na fundi mwaminifu anaijua. Rafadha ikikaza mwendo humo, maji yanajaa mapovu na mzigo unapotea. Ukiendelea yanamwagika yote na kupata moto. Viwanda vya mashine hizo hutengeneza rafadha maalumu ya majaribio kwa ajili ya tangi, lakini ni nadra kuiona mkononi mwa fundi wa huku. Kwa hiyo pipa linatumika kwa yale linayoyaweza: kuona kama mashine inakojoa, yaani pampu inapandisha maji ya kupozea, kusikia kama inamisi, kuhakikisha gia zinaingia, kuacha pistoni na ringi mpya zizoeane polepole. Baadaye plagi zinachomolewa. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeusi yenye utelezi, mafuta yamezidi. Nyeupe, mafuta hayatoshi, na kwa mashine za kuchanganyia oili kwenye petroli huo ni mwanzo wa pistoni kukwama, kwa sababu petroli ikipungua na oili imepungua.

Kwa injini za ndani, zile dizeli za silinda moja zinazosukuma boti na kusaga mahindi vijijini, pana kipimo cha kale zaidi kisichohitaji kiwanda. Mfaransa Gaspard de Prony alikibuni mwaka 1821: mbao mbili zinabana gurudumu la injini kwa bolti, mkono unatoka pembeni, ncha yake inavuta mzani. Mzani wenyewe tunao, ule wa kuning'iniza wa kupimia samaki. Dizeli ya farasi 10 inayozunguka mara 2,200 itavuta kilo tatu na robo kwenye mkono wa mita moja. Mbao zimwagiwe maji zisiungue, mkono uwekewe kizuizi usije ukampiga mtu, basi. Mwenye karakana anayeweza kutengeneza mlango wa geti anaweza kutengeneza breki hii.

Jaribio la mwisho ni baharini, na hili ndilo linaloachwa mara nyingi. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza. Mbalamwezi inapowaka vyombo hupumzika, na hapo ndipo mashine zote mbovu zinamfikia fundi kwa pamoja. Mwezi ukianza kuchelewa kutoka, kila mtu anaitaka yake jana. Fundi anabanwa, mashine inatoka kwenye pipa na kwenda moja kwa moja kazini. Kumbe ilihitaji nusu saa tu ndani ya bandari, boti ikiwa na mzigo wake wa kweli, resi imefunguliwa yote, na mita ya mizunguko mkononi. Mashine nyingi za farasi 40 hupangiwa zizunguke kati ya 4,500 na 5,500. Ikishindwa kufika hapo, ama rafadha ni kubwa mno, ama mzigo umezidi, ama silinda moja imechoka. Ikipita, rafadha ni ndogo na injini inajiua kwa kukimbia bure.

Jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko liliwekwa Septemba 2023, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. Bandari ya uvuvi inataka gati, barafu na soko, sibishi. Nawaomba watakaoiendesha watenge pia banda moja la kupimia mashine: tangi kubwa kuliko pipa, breki ya maji yenye mkono na mzani, mita ya mizunguko, na daftari la kuandikia namba za kila mashine kabla na baada ya matengenezo. Wawape mafundi wa Masoko, Kivinje na Somanga ruhusa ya kulitumia kwa ada ndogo. Na wewe mwenye chombo, ukipelekewa mashine iliyofunguliwa ikafungwa, usilipe kabla hujaiona ikibeba mzigo.