Sharubu Kaskazini ya Mto

Kati ya Julai na Oktoba nyumbu hufika kaskazini kabisa mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, wakasongamana kwenye kingo za Mto Mara upande wa Kogatende na Lamai, na madereva wa utalii wakawangoja. Kungoja huko ni kazi ya masikio. Vivuko ni vingi, nyumbu ni vigeugeu, na dereva aliyeegesha kivulini haoni kinachotokea kwenye kona ya pili ya mto. Tegemeo lake ni redio ya upepo na mwenzake aliye kivuko kingine. "Wameanza kushuka, kundi kubwa, wanakuja upande wa Lamai." Injini zinawashwa.

Naisifu sentensi hiyo. Sehemu ya kwanza inamwambia msikilizaji muda alionao, ya pili kama inafaa aache alichonacho, ya tatu aelekeze gari wapi. Jua lilivyo kali na tangu saa ngapi msemaji amekaa hapo, hayo kayaacha. Katika miji jirani ya Mugumu na Tarime mtu hakuulizi njia kabla hajakuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, kwa hiyo ufupi wa namna hii hauji wenyewe, unafundishwa. Salamu redioni zipo, na mdogo humwamkia mkubwa vilevile, ila zina saa yake.

Redioni simba huitwa sharubu. Mgeni asiyejua Kiswahili hata kidogo analijua neno simba, kwa sababu ya filamu, na akilisikia tu ataanza kusimama kitini kama aliyeahidiwa. Simba aliye mwendo wa nusu saa anaweza kuwa ameshaingia majanini gari likifika, na deni la ahadi hiyo litakuwa la dereva. Faru, kwa maoni yangu, asitajwe kabisa, hata kwa fumbo. Mei 2010 faru weusi watano waliletwa Serengeti kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Kabla mwaka haujaisha mmoja wao, aliyepewa jina la George, akauawa na majangili. Redio inasikiwa na yeyote mwenye redio.

Ufundi huu wa kutoa habari kwa maneno machache una ndugu zake katika mbio za magari. Mwaka 1955 Stirling Moss aliendesha Mercedes-Benz katika Mille Miglia, mbio za kilometa takriban 1,600 kwenye barabara za Italia. Pembeni yake alikaa Denis Jenkinson, mwandishi wa habari, akiwa na karatasi ndefu iliyoviringishwa kwenye kiboksi, yenye maelezo ya kila kona ya hatari. Walijaribu kuzungumza kwa vipaza sauti vya kwenye kofia. Vyombo vilifanya kazi, lakini Moss alipozama katika kuendesha, maneno yalifika masikioni yasiingie kichwani. Wakaamua kutumia ishara za mkono, wakashinda kwa saa kumi na dakika saba. Fundi wa redio anayedhani kazi yake ni kusikika tu aisome habari hiyo mara mbili.

Nyumbani tulikuwa na Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miongo mingi barabara zake hazikufungwa: mshindani alikutana na basi, na mbuzi, na mwenye baiskeli. Timu kubwa zikaja kurusha helikopta mbele ya gari, mtu akitazama chini na kuwaonya walio ndani kwa redio. Humo garini msoma ramani naye anataja ukali wa kona na umbali wa kuifikia. Akiitaja mapema mno, dereva ameshaisahau, akichelewa, wameshaiingia. Namheshimu msoma ramani kuliko dereva, na najua nitapingwa.

Kwenye redio zetu za magari ya utalii anayeshikilia kitufe ameifunga njia kwa wote, hivyo mwenye porojo anawanyima wenzake uwezo wa kuomba msaada. Tena anayebonyeza na kusema papo hapo hupoteza neno la kwanza. Mhandisi wa Formula One naye anapomwita dereva wake aingie kubadilisha matairi hulirudia neno lilelile. Wazoefu wetu hutanguliza jina la anayeitwa, wakasubiri "nakupata", ndipo wakatoa habari.

Kusubiri jibu kupo migodini pia. Wilayani Tarime, kule Nyamongo, upo mgodi wa dhahabu wa North Mara. Katika migodi ya mashimo ya wazi gari dogo halilisogelei lori kubwa la kubeba mawe mpaka dereva wa lori ajibu redioni kwamba amelisikia na amelikubalia. Kukaa kimya hakuhesabiwi kuwa ruhusa. Laiti barabara zetu kuu zingekuwa na adabu hiyo.

Lakini redio hiyohiyo ya mbugani huharibu. Wito mmoja unaweza kukusanya magari kwenye kivuko mpaka nyumbu wakaghairi, na kumfanya dereva asahau kwamba mwendo hifadhini hauzidi kilometa 50 kwa saa. Mwitaji bora huongeza maneno mawili ambayo wengi huyaacha: "magari yamejaa." Kusema hivyo ni kumzuia mwenzako asije, naye ana wageni waliolipa fedha nyingi, na hilo linataka moyo.

Vyuo vinavyoandaa waongoza watalii huwapima wanafunzi kwa majina ya wanyama, miti na ndege. Viwape na mtihani wa redio: sekunde tano, kitufe kimoja, na mwalimu asiyeona kitu aseme kama ameelewa aende wapi.