Uhasama, Mapenzi na Dola: Shahrzad Mpya na Deni la Damu

Riwaya pendwa imezoea kudharauliwa na wahakiki. Huhesabiwa kuwa kazi ya kupitishia wakati, isiyo na dhamira ya kuchunguzwa. Hata hivyo, ipo aina moja ya riwaya hizo ambayo imepata wasomaji wengi mno, hasa katika Marekani na Uingereza, tangu miaka ya 2010. Ni riwaya ya kifantasia ambamo mwanamke shupavu na mwanamume wa jumba la kifalme huanza wakiwa mahasimu, kisha hupendana huku fitina za utawala zikiwazunguka. Makala haya yanachunguza mifano miwili ya waandishi wa Kimarekani: The Wrath and the Dawn (2015) ya Renée Ahdieh na The Cruel Prince (2018) ya Holly Black. Swali linaloongoza uchunguzi ni moja: mapenzi yakiisha kuota baina ya mahasimu, deni la damu lililozaa uhasama huo hulipwa na nani?

Mtindo wenyewe si mpya. Shakespeare aliwagombanisha Beatrice na Benedick kwa maneno makali kabla ya kuwaoza. Carlo Gozzi naye, mwaka 1762, alimleta jukwaani Turandot, binti mfalme ambaye wachumba walioshindwa kutegua vitendawili vyake walikatwa vichwa. Lakini mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni Alfu Lela Ulela, mkusanyo ambao hadithi zake zimesimuliwa na kusomwa pwani ya Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Hadithi inayobeba mkusanyo huo yajulikana: mfalme aliyesalitiwa na mkewe huoa mwanamwali kila usiku na kumwua alfajiri, mpaka binti wa waziri wake anapojitolea kuolewa na kumzuia kwa kumsimulia hadithi zisizokwisha.

Hadithi hiyo ndiyo aliyoiandika upya Ahdieh. Shahrzad wake anajitolea kuolewa na Khalid, Khalifa kijana wa Khorasan, mtawala anayewanyonga wake zake kwa uzi wa hariri kunapopambazuka. Mambo matatu yamegeuzwa, na mageuzi hayo ndiyo yanayofichua itikadi ya riwaya.

Geuzi la kwanza ni lengo. Binti wa waziri katika masimulizi ya kale anaingia jumbani ili kuwaokoa mabinti waliosalia. Vita vyake ni vya umma. Shahrzad wa Ahdieh anaingia kulipiza kisasi cha rafiki yake, Shiva, aliyekuwa miongoni mwa waliouawa. Kwa hiyo suala la dola limekwisha kupunguzwa likawa suala la moyo mmoja. Na kisasi cha moyo mmoja chaweza kusamehewa na moyo huohuo, bila idhini ya mtu mwingine yeyote.

Geuzi la pili ni silaha. Shahrzad mpya ni hodari wa upinde na mshale. Huu ndio ushupavu ambao wasomaji wa aina hii huutarajia, nao unapendeza. Lakini una gharama yake. Kadiri mshale unavyopewa nafasi, hadithi hunyimwa nafasi. Usiku wa kwanza masimulizi humwokoa bibi arusi. Baadaye kidogo riwaya yenyewe haiyahitaji tena, kwa kuwa Khalid amekwisha kumpenda. Mwanamke aliyemtawala mtawala kwa ulimi sasa anaokolewa na mahaba ya mtawala. Yafaa kujiuliza ni yupi kati ya hao wawili aliye shupavu zaidi: yule aliyefunzwa kulenga shabaha, au yule ambaye hakuwa na kitu mkononi ila lugha?

Geuzi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni sababu ya mauaji. Katika Alfu Lela Ulela mfalme ni dhalimu, na udhalimu wake hautafutiwi udhuru mkubwa. Katika riwaya ya Ahdieh, Khalid amelaaniwa na baba wa mke wake wa kwanza: ni sharti atoe roho mia moja, au mji wake uangamie. Kwa laana hiyo jinai inageuka kuwa wajibu. Msomaji aliyeanza kwa kuuliza kwa nini mabinti wameuawa anajikuta akimhurumia aliyewaua. Majuto ya Khalid ni ya kweli, na Ahdieh ameyachora kwa ustadi. Lakini ni majuto ya faraghani. Siri ya laana haiambiwi umma wala waliofiwa.

Katika pengo hili ndimo anamosimama Reza, baba yake Shiva. Yeye anaungana na Tariq, mpenzi wa kwanza wa Shahrzad, kutafuta jeshi la kumng'oa Khalifa. Hakuna mhusika mwenye haki kubwa ya kudai hukumu kuliko mzazi huyu. Lakini muundo wa riwaya umemweka upande wa pili wa mapenzi: dai lake la haki linasomwa kama kikwazo, na msomaji anaomba lishindwe ili wapendanao wakutane. Hapo ndipo fani inapoyasaliti maudhui.

Holly Black ameikabili hatari hii kwa njia nyingine. Jude, binadamu anayelelewa katika nchi ya viumbe wa ngano za Ulaya wanaofanana kwa kiasi na majini wa masimulizi ya pwani, ametekwa akiwa mtoto na Madoc, jemadari aliyewaua wazazi wake, kisha akamlea. Hasimu wake mwingine ni Cardan, mwana wa mfalme anayemtesa na kumdhihaki. Viumbe hao hawawezi kutamka uongo, ilhali binadamu aweza. Kwa hiyo siasa yote ya jumba ni siasa ya lugha: ya kiapo, ya neno lililoachwa, ya ahadi yenye mwanya. Jude anamfunga Cardan kwa kiapo cha kumtii kwa mwaka mmoja na siku moja, kisha anakitumia kumvika taji asilolitaka.

Tofauti iliyopo ni ya msingi. Black hatafuti laana ya kumtakasa Madoc. Jemadari huyo ni mwuaji na ni mlezi, na Jude anabeba mambo hayo mawili bila kuyapatanisha. Mvuto kati yake na Cardan nao haufuti hesabu ya madaraka, unaizidisha. Hata hivyo, Black naye ana upungufu wake. Watawaliwa katika nchi ile hawana sauti. Binadamu waliorogwa wakafanywa watumishi wanaonekana, na msomaji anashtuka, lakini kiini cha riwaya kinabaki kuwa nani atakikalia kiti, wala si kiti chenyewe ni cha nini.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Riwaya hizi zinaongeza swali ambalo methali haikuligusa: tembo wakipatana, nyasi zitainuliwa na nani? Ahdieh anajibu kwa machozi ya mtawala. Black anakataa kujibu, na ukimya wake una ukweli zaidi. Mwandishi wa Kiswahili atakayetaka kuijaribu aina hii hana haja ya kuanza mbali. Binti wa waziri bado yupo katika Alfu Lela Ulela, akisimulia kwa niaba ya wasiokuwepo. Kinachohitajika ni riwaya itakayomruhusu apende, kama akipenda, bila kuwasahau waliokufa kabla yake.