Kamba Isiyolia

Mwindaji wa upinde katika misitu ya Pennsylvania au Michigan hapandi mti ili aone mbali. Hupanda ili harufu yake ipite juu ya pua ya kulungu, na ili mkono wake unapovuta upinde uwe nje ya macho ya mnyama aliyezoea kutazama vichaka vilivyo mbele yake. Mwezi wa Oktoba, na zaidi mwanzoni mwa Novemba madume wanapohangaika kutafuta majike, kulungu wenye mikia myeupe hutembea sana alfajiri. Kwa hiyo mtu awe ameshakaa juu, mita tano au sita kutoka ardhini, kabla hakujapambazuka. Kazi yote ya kupanda hufanyika gizani, kwa mikono yenye glavu, kwenye baridi, katika ukimya ambao chuma kikigusa chuma mara moja tu, asubuhi nzima imeharibika.

Anachopandia ni vipandio: vipande vifupi vya alumini, vya nusu mita hivi kwenda juu, kila kimoja na vikanyagio pande mbili na meno ya kung'ata gome. Hubebwa vitatu au vinne mgongoni, kisha hufungwa kimoja juu ya kingine kadiri mtu anavyokwea. Wauzaji husifu wepesi wa alumini, na siku hizi titani, na hushindana kwa gramu. Mimi nataka kusifu kitu ambacho kwenye tangazo hakipewi hata mstari mmoja, nacho ni kile kinachokishikisha kipandio kwenye shina. Hapo ndipo ufundi ulipo. Chuma hununuliwa tayari. Namna ya kukifunga mtu huichagua mwenyewe, na akichagua ovyo, ubora wote wa kile chuma unakuwa pambo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwindaji asipigilie tu vikanyagio mtini. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hufanya hivyo wanapofuata asali: huchonga vigingi vya mti, huvigongomea ndani ya shina la mbuyu kimoja baada ya kingine, na kukwea juu yavyo hadi kwenye mzinga. Mbuyu una mwili laini wenye nyuzi, na gome lake hujiponya vizuri kuliko la miti mingi. Mwaloni wa Marekani ni jambo jingine. Ni mbao za fanicha, na skrubu iliyosahaulika ndani yake huja kuharibu msumeno wa kiwandani miaka mingi baadaye. Ndiyo maana katika ardhi nyingi za umma huko sheria hairuhusu kutoboa mti kwa msumari wala skrubu. Mwindaji amebaki na njia moja: kuukumbatia mti bila kuujeruhi.

Kifungio cha kwanza kilichoenea, na ambacho bado huja na vipandio vingi kutoka dukani, ni mkanda wa kufuma wenye bizimu ya chuma yenye meno. Unauzungusha, unaupenyeza, unavuta, meno yanabana. Sina ugomvi na mkanda. Unashika, na mtu akipewa kwa mara ya kwanza anaweza kuutumia bila kufundishwa. Lakini bizimu hulia. Huligonga shina, hugonga kipandio cha jirani wakati wa kutembea, na ikishikwa na maji kisha barafu, ulimi wake hukataa kurudi. Watu huizungushia utepe wa kitambaa ili inyamaze. Kitu kinachohitaji kuvishwa nguo kabla ya kwenda msituni kinatosha kumfanya mtu atafute kamba.

Njia ya kamba inategemea kirungu kifupi kilicho mgongoni mwa kipandio, chenye shingo nyembamba na kichwa kipana. Ncha moja ya kamba ina kitanzi kinachokaa kwenye shingo hiyo daima, kisidondoke gizani. Ncha ya pili huzungushwa nyuma ya shina, hurudi mbele, huvutwa kwa nguvu, kisha hupitishwa juu na chini ya kirungu kwa mtindo wa tarakimu nane, mara mbili au tatu, na mkia wake hupenyezwa chini ya zamu ya mwisho. Hakuna fundo la kweli hapo. Baharia wa Lamu anayefunga jahazi kwenye nguzo ya gati hufanya lilelile: hashindani na uzito wa chombo, anaongeza mizunguko.

Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, alilifanyia hesabu jambo hili, na hesabu yake inastahili kukaa kichwani mwa kila mpandaji. Msuguano wa kamba kwenye nguzo haujumlishwi, unazidishwa. Tuseme kamba ya poliesta kwenye chuma ina kizigeu cha msuguano cha 0.3. Mzunguko mmoja kamili unatosha kuupunguza mvuto karibu mara 6.6, na mizunguko miwili karibu mara 43. Maana yake, uzito wa mtu mzima aliyesimama juu ya kipandio ukifika kwenye mkia wa kamba unakuwa kitu ambacho kidole kimoja kinaweza kukizuia. Ndiyo maana ule mkia uliopenyezwa tu, ambao humtisha mgeni, humtosha mwenyeji.

Sasa badilisha kamba. Weka ile ya nyuzi za Dyneema, uzi uliozaliwa katika maabara za DSM, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1970, ambao leo huvuta meli na kushona mishipi ya wapanda milima. Kamba yake ya milimita 6, iliyosukwa kwa nyuzi kumi na mbili, hubeba zaidi ya tani tatu kabla ya kukatika. Ni nyepesi hadi huelea majini. Kwenye karatasi hakuna ubishi, hiyo ndiyo kamba. Lakini uzi huo unateleza kama uliopakwa nta. Fanya hesabu ya Euler kwa kizigeu cha 0.1: mzunguko mmoja unapunguza mvuto mara 1.9 tu, na miwili mara 3.5. Mikunjo ileile, kirungu kilekile, mkono uleule, na kamba yenye nguvu kuliko zote sasa inatambaa polepole kuelekea kufunguka.

Wahenga walituambia kamba hukatika pabovu, na kwa kamba ya mkonge au ya usumba walisema kweli. Huku mtini kamba haikatiki. Tani tatu kwa mtu wa kilo tisini ni ziada isiyo na kazi. Kinachomwangusha mtu ni kamba nzima, mpya, isiyo na ubovu wowote, iliyoachia. Anayechagua kwa kusoma namba ya tani ameuliza swali ambalo mti haumuulizi. Swali la mti ni: inashika?

Hilo halimaanishi Dyneema itupwe. Linamaanisha isifungwe mafundo, ipewe kazi inayolingana na tabia yake. Fundo la kawaida huipunguzia kamba hii nusu ya nguvu au zaidi, na mara nyingi huteleza juu yake. Lakini kwa sababu imesukwa ikiwa tupu katikati, ncha yake inaweza kuingizwa ndani ya mwili wake yenyewe. Fundi huchukua sindano ndefu butu, hufungua nyuzi bila kuzikata, hupitisha ncha mara mbili ili kitanzi kijifunge, kisha huizika ndani kwa urefu wa takriban mara 70 ya unene wa kamba, yaani zaidi ya sentimita 40 kwa kamba ya milimita 6. Mwisho wa sehemu iliyozikwa hupunguzwa uzi mmoja mmoja, upungue polepole, kamba isipate bega la ghafla. Ukivuta, msuko wa nje unabana ule wa ndani, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyobana. Hakuna kitu kilichoongezwa: ni kamba na kamba. Kwa mtu anayependa kazi za mikono, kitanzi cha namna hiyo ni kizuri kuliko bunduki yoyote iliyotiwa nakshi, na kinaweza kutengenezwa mezani jioni ya Julai, redio ikiwa inasema.

Kutokana na ufundi huo kimetokea kifungio ninachokipenda kuliko vyote: kamba moja yenye vitanzi vingi vilivyofuatana, kila kimoja kimezikwa ndani ya msuko. Unazungusha nyuma ya shina, unachagua kitanzi kinachokaribia kukaza, unakivisha kirungu. Basi. Hakuna mkunjo wa kukumbuka wala mkia wa kupenyeza, na hakuna kinachotegemea msuguano wa uzi usiopenda kusuguana. Glavu nene hazizuii kitu. Mtu anayekwea na kuteremka gizani anaweza kukigusa kwa kidole na kujua kimekaa au hakijakaa, kwa sababu kitanzi ama kiko kwenye shingo ama hakipo.

Ubaya wake ni kwamba mti haujui vitanzi vyako vimepangwa kwa umbali gani. Kitanzi cha nne kinalegea, cha tano hakifiki. Hapa mwanafunzi hulaani, naye fundi hushusha kipandio kidogo. Shina hunenepa kuelekea chini, hivyo kushuka hupunguza ulegevu, na kupanda hukipa nafasi kitanzi kilichokataa. Kisha huja ule mvuto wa mwisho, ambao hautofautiani kwa kamba wala mkanda: kamba ikae nyuma ya shina juu kidogo kuliko kirungu, halafu kipandio kishindiliwe kwenda chini kwa mkono, na baadaye kwa mguu. Kikishuka, kamba inazidi kukaza na meno yanaingia gomeni. Ikiwa nyuma imekaa chini kuliko mbele, mshindilio huohuo huilegeza. Jambo dogo mno, lakini nadhani ndilo linalotenganisha vipandio vinavyotulia na vile vinavyoyumba kila ukibadili mguu.

Miti nayo ina maneno yake. Msonobari hutoa utomvu unaogeuza kamba ya poliesta kuwa ubao. Mhikori wenye gome la kubanduka huonekana unashika, kumbe umefunga gome, si mti, na gome linaondoka na wewe. Shina lenye gome laini na lenye umande linahitaji kamba yenye ukali kidogo, hapo poliesta inaishinda Dyneema, kwa kuwa kamba pia huugusa mti na si kirungu peke yake. Nailoni siipendi kwa kazi hii. Inanyumbuka, na hunywa maji ikadhoofika. Mnyumbuko ni rafiki wa mtu anayeanguka, lakini ni adui wa kitu kinachotakiwa kukaa pale ulipokiweka.

Nimetaja kuanguka, na lazima jambo moja liwe wazi. Kamba ya kipandio hubeba kipandio. Haimzuii mtu anayeanguka. Mwili una kamba yake tofauti, nene, inayozunguka shina na kufungwa kwenye mishipi ya kiunoni na mapajani tangu miguu ikiwa bado ardhini. Urefu wake hurekebishwa kwa fundo la Prusik, alilolitangaza Mwaustria Karl Prusik mwaka 1931: uzi mwembamba kuliko kamba kuu, uliozungushwa juu yake, unaoteleza ukisukumwa kwa mkono na kung'ang'ania ukivutwa na uzito. Tena msuguano. Mkwezi wa minazi wa Unguja, aliyeweka kitanzi cha kamba miguuni na kukisukuma dhidi ya shina, angelielewa fundo hilo mara moja, na pengine angeshangaa kwa nini mtu anayepanda mita sita tu anahitaji mzigo wote huu. Jibu ni saa anazokaa. Mkwezi huangua na kushuka. Mwindaji hukaa hadi vidole vife ganzi, ndipo ashuke, na kuteremka na vidole vilivyokufa ganzi ni kubaya kuliko kupanda.

Basi nikiulizwa nichague, nitafunga kipandio cha chini kabisa kwa poliesta ya milimita 8 kwenye kirungu, kwa sababu hapo shina ni nene, ukubwa wake hautabiriki, na nimesimama ardhini nikiwa na mikono miwili huru ya kuvuta. Vya juu, ambako mkono mmoja umeshika mti, nitavipa vitanzi. Mkanda wenye bizimu nitambebea mgeni. Vifungio vya kibano, vile vinavyouma kamba kwa magurudumu mawili yenye meno, ni vyepesi kuvuta na vyepesi kufungua, lakini hiyo sifa ya pili ndiyo inayonitia mashaka. Wapo wanaoviamini, na wanawinda miaka yote bila tatizo.

Kinachobaki ni ukaguzi, kazi isiyo na sifa. Kamba iliyoachwa mtini msimu mzima hutafunwa na kindi, na jua huila nailoni kwanza. Dyneema huyeyuka karibu nyuzi joto 145 tu, wakati poliesta inavumilia zaidi ya 250, kwa hiyo iliyokaribia moto wa kambi au iliyosuguliwa kwa kasi hutambulika kwa sehemu ngumu inayong'aa. Unaipitisha kamba yote katikati ya vidole, macho yakiwa yamefumbwa ukitaka, ukitafuta manyoya, ubapa, ugumu. Ukikuta, usiitundike stoo kwa matumizi ya kufungia mizigo. Kuna siku mtu ataiona, aikute nzima machoni, aende nayo msituni. Ikatwe vipande vifupi visivyoweza kuzunguka shina lolote.